Mnyama Wangu ni Fisi

Ukisema unampenda tembo, hakuna atakayekuuliza sababu. Twiga ndiye mnyama wa taifa, na simba ana timu ya mpira yenye mashabiki nchi nzima. Mimi nikisema mnyama wangu ni fisi, mtu huchelewa kidogo kujibu, halafu hucheka, halafu hunitazama vizuri kuona kama natania. Shemeji yangu mmoja, tulipokuwa tunakula pamoja kwenye sherehe ya kipaimara pale Kihesa, alisogeza sahani yake ya nyama upande wa pili wa meza. Alikuwa anatania. Nadhani.

Siwalaumu. Fisi alishahukumiwa zamani, tena bila wakili. Kiongozi aliyekula fedha za umma ni fisi aliyekabidhiwa bucha. Mwanaume asiyetosheka na wanawake ni fisi. Aliyeshindwa kuchagua huambiwa njia mbili zilimshinda fisi, na tulipokuwa wadogo tulisimuliwa mpaka namna alivyopasuka msamba kwenye njia panda, mguu mmoja huku na mwingine kule, kwa sababu harufu ya nyama ilikuwa inatoka pande zote. Kwenye hadithi za sungura yeye ndiye anayefungwa kamba na kupigwa badala ya mwenye kosa. Sikumbuki hadithi hata moja ambayo fisi alirudi kwake salama.

Hayo ni ya mchana. Usiku mambo yalikuwa mengine. Fisi akilia karibu na nyumba, wakubwa walishusha sauti, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda chooni. Kuna fisi wa Mungu, tuliambiwa, na kuna fisi wa mtu. Huyo wa pili ana mwenyewe, hupandwa, hutumwa, na alfajiri hurudi kwa bwana wake. Fisi akiuawa kijijini, wazee walisogea kumkagua, wakimgeuza masikio na kumtazama shingoni kama ana alama ya mmiliki. Sisi watoto tulisimama nyuma yao tukiogopa kwamba alama itaonekana, na tukiogopa vilevile kwamba haitaonekana.

Nimekulia kwa bibi, tarafa ya Idodi, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wanaoijua Iringa ya mjini tu, ya masweta na jiwe la Gangilonga, hudhani mkoa mzima ni baridi. Ukishuka kuelekea magharibi, vilima vinakwisha, mibuyu inaanza, na unavua sweta. Huko wapo Wahehe, Wabena, Wabarabaig, Wamaasai na Wasukuma, kila mmoja na ng'ombe au mbuzi wake, na ng'ambo ya mashamba ipo Ruaha, ambayo tangu iunganishwe na Pori la Akiba la Usangu mwaka 2008 ilizidi kilomita za mraba 20,000. Hakuna uzio. Mnyama akitoka, ametoka. Na mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu kubwa wakati wa kiangazi, haumsaidii mtu wala mnyama kubaki upande wake.

Kwa hiyo fisi nilimsikia miaka mingi kabla sijamwona. Mlio wake wa kuita unaanza chini kabisa, kama mtu anayeguna, kisha unapanda ghafla na kukatika juu. Anarudia, mara nyingi mfululizo, na unasafiri: watafiti wanasema unasikika hadi kilomita tano. Binamu zangu walijifunika shuka. Mimi nilikuwa mtoto wa ajabu, nilisubiri ajibiwe. Na alikuwa anajibiwa. Sauti nyingine ilitoka mbali, upande wa korongo, nyembamba kuliko ya kwanza, halafu ya tatu. Baada ya muda nikawa natambua kwamba hawa si fisi tu wanaolia ovyo. Mmoja alikuwa na sauti ya kukwaruza, kama ana mafua ya kudumu, na usiku asipolia yeye nililala vibaya.

Lazima niseme kwa nini nilikuwa macho. Mama yangu alikuwa Mufindi, anachuma chai. Alikuja mwisho wa mwezi, akiwa na sukari, sabuni na daftari, akalala siku mbili, akaondoka kabla sijaamka. Bibi alinitunza vizuri, sina malalamiko, lakini mtoto anayesubiri hupata masikio makali. Nilikuwa nasikiliza lori, pikipiki, mbwa wa jirani. Katika kusikiliza huko ndiko nilikomkuta fisi.

Miaka ikapita, nikaenda shule, nikaja mjini, nikapata kazi ya mahesabu ambayo haina uhusiano wowote na wanyama. Siku moja nikasoma kuhusu kazi ya Marion East na Heribert Hofer, watafiti ambao wamewafuatilia fisi wa Serengeti tangu mwaka 1987. Walieleza jambo ambalo nililisoma nikarudia. Nyumbu wanapohama, fisi jike mwenye watoto hawezi kuhama nao, maana watoto wako shimoni. Basi anasafiri. Anaacha watoto, anakwenda kilomita arobaini na zaidi hadi walipo nyumbu, anakula, anarudi kunyonyesha, kisha anaondoka tena. Watoto hukaa siku kadhaa bila kunyonya, wakingoja. Hawalii hovyo, kwa sababu simba anasikia. Mama akirudi huita mlangoni, na miongoni mwa watoto wote wa shimo hilo, watoka wa kwake.

Hao ni fisi wa Serengeti, wa Ruaha hawana nyumbu wa kufuata kwa namna hiyo. Najua. Lakini nilikaa na simu mkononi, ofisini, saa ya chai, nikashindwa kunywa.

Tangu hapo nikawa nasoma kila kitu kumhusu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba yule wa hadithi za sungura hayupo. Fisi si mbwa. Ukoo wake katika mti wa wanyama uko upande wa paka, karibu na nguchiro na fungo, ingawa sura inadanganya. Hans Kruuk, Mholanzi aliyekaa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akiwafuata usiku kwa mbalamwezi, aliandika mwaka 1972 kwamba kule Ngorongoro fisi wanaua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Simba tunayemkuta asubuhi juu ya pundamilia, huku fisi wamemzunguka kama ombaomba, mara nyingi ndiye aliyenyang'anya. Mtalii anafika saa mbili na gari, anapiga picha, anaondoka na hukumu. Moyo wa fisi ni mkubwa sana kwa mwili wake, karibu asilimia moja ya uzito wote, ndiyo maana anaweza kukimbiza kwa muda mrefu mpaka mwenzake achoke. Mfupa anautafuna na kuumeng'enya, na ndiyo maana kinyesi chake hukauka kikawa cheupe kama chokaa. Sisi utotoni tulikichorea chini. Na kile kicheko, ambacho watu hudai ni cha furaha au cha kishetani, hutoka kwa fisi mwenye wasiwasi, anayefukuzwa au kunyang'anywa. Wanaomsikia wanadhani anawacheka wao.

Wakubwa katika ukoo ni majike. Jike ni mzito kuliko dume, na mtoto wa kike hurithi cheo cha mama yake, akikaa chini yake tu. Tena mdogo humpita dada yake mkubwa. Dume akikua huondoka kwao, huenda kuomba nafasi ukoo mwingine, na huko huanzia chini kabisa, chini ya majike wote na watoto wao. Hupanda kwa kusubiri wenzake wafe au waondoke. Nikimsimulia mume wangu haya hupenda kusema kwamba ameolewa na familia ya namna hiyo.

Lakini sijampenda kwa sababu ya usawa wa kijinsia. Ukimchunguza fisi ukitafuta mfano mwema utakatishwa tamaa upesi. Watoto huzaliwa wawili kwa kawaida, macho wazi na meno tayari, na hayo meno huanza kutumika siku hiyohiyo: pacha huumana kugombea ukubwa, na chakula kikiwa haba, mmoja anaweza kufa. Shimo ni la ukoo mzima lakini maziwa si ya ukoo. Kila mama hunyonyesha wa kwake, na yatima hufa huku majike wenye maziwa wakiwa wamelala hatua chache kutoka alipo. Jike wa cheo cha chini hufika kwenye nyama na kukuta mifupa. Ni jamii ngumu. Ninachokipenda ndani yake sijui kama kina jina. Labda ni ile bidii: kunyonyesha mwaka mzima na zaidi, kwa maziwa mazito kuliko ya wala nyama karibu wote, ukirudi kila mara kutoka mbali.

Kuna jambo la uzazi wake ambalo kijijini lilijulikana nusu. Wazee walisema fisi ni huntha, leo dume kesho jike. Aristotle alilikanusha hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, lakini haikusaidia, maana macho yanaona yanachokiona. Kiungo cha jike kimerefuka hadi kikafanana na cha dume, na hana njia nyingine. Hapo hapo ndipo anapokojolea, anapopandiwa, na anapozalia. Uzazi wa kwanza, njia hiyo nyembamba hulazimika kuchanika ili mtoto apite. Watoto wengi wa kwanza hukosa hewa wakafa njiani. Mama naye wakati mwingine hufa.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi. Nusu ya watu wa rika langu kule walipokelewa na mikono yake. Nilipokwenda kumsalimia, tukiwa tumekaa nje tunapukuchua mahindi, nikamwambia hilo. Aliacha kupukuchua.

"Anazalia hapo?"

"Hapo hapo, bibi."

"Mtoto wa kwanza?"

Nikamweleza. Alinyamaza muda, akitazama gunzi mkononi. Nilijua anawakumbuka watu, nikaacha awakumbuke.

"Basi mpe pole yake," akasema. Akaendelea kupukuchua. Kisha, bila kuinua macho: "Lakini mbuzi wangu alimla."

Ni kweli, alimla. Mbuzi jike mweusi mwenye mimba, aliyekuwa ada ya shule ya mjomba wangu mdogo. Kwa hiyo mimi sina anasa waliyonayo wapenda wanyama wa mbali, wanaompenda chui kwa kuwa hajawahi kufika kwenye ua wao. Vijiji vinavyoizunguka Ruaha, fisi ndiye anayeongoza kwa kuvamia mazizi, kuliko simba na chui. Huja usiku, hutafuta upenyo kwenye boma la miiba, na akishaingia mbuzi huchanganyikiwa, wakavunja wenyewe upande wa pili wakatokea mikononi mwa wenzake. Serikali ina utaratibu wa kifuta machozi, lakini atakayekufuta machozi usiku huo hayupo, na ada ya shule inangoja Januari.

Ndipo inapokuja sumu. Mtu anapaka dawa ya wadudu kwenye mzoga uliobaki, anaacha, anakwenda kulala. Sumu haichagui. Anayekuja kwanza anakufa, wa pili anakufa, na tumbusi wanaoshuka asubuhi wanakufa juu yao. Mwaka 2018 simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu jirani na Ruaha, pamoja na tumbusi wengi, na habari ikatangazwa mpaka nje ya nchi. Fisi wakifa hivyo hakuna anayetangaza. Nimewahi kumwona mmoja, kando ya njia ya ng'ombe, ulimi nje, majani yote yaliyomzunguka yamelazwa kwa kuhangaika. Kijana aliyekuwa mbele yangu alimpiga teke kuhakikisha. Sikusema neno, kwa sababu nilikuwa namjua yule kijana, na nilijua ng'ombe wangapi wa baba yake walikuwa wamebaki. Nilirudi nyumbani nikalia chumbani kama mtu aliyefiwa, na sikuweza kumwambia mtu nimefiwa na nani.

Mambo yamebadilika kiasi, na lililoyabadilisha limekuja kwa mlango nisioutarajia. Kuna mradi ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman, mtafiti wa Oxford, ulioitwa wakati huo Ruaha Carnivore Project. Mwanzoni watu waliwaogopa. Wazungu wanaokaa porini wakiuliza habari za fisi usiku, wewe ungefikiri nini? Walichofanya ni pamoja na kusaidia watu kujenga maboma ya seng'enge badala ya miiba. Kisha wakaja na kamera zinazofungwa kwenye miti, zinazopiga zenyewe mnyama akipita, zikisimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kila mnyama aliyepigwa picha ana pointi zake, na wala nyama wana pointi nyingi. Vijiji vinashindanishwa, na pointi zinageuka faida: dawa za mifugo, vifaa vya shule, mahitaji ya zahanati. Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, mtu wa kwetu akawa na sababu ya kutaka fisi apite kwenye ardhi ya kijiji chake na si ya jirani. Mjomba wangu, ambaye mdomo wake haujawahi kumtaja fisi bila tusi, nilimkuta akilalamika kwamba kamera yao imefungwa mahali pabaya, fisi wote wanapita upande wa pili na pointi wanachukua wengine.

Na dawa za mifugo si jambo dogo. Ukimkalisha mjomba kwa utulivu, na ulanzi kidogo, atakuhesabia mifugo aliyopoteza, na mingi iliondoka kwa ndigana na homa ya mapafu. Ila ndigana haina macho ya kung'aa gizani. Huwezi kuitegea sumu.

Kwenye picha hizo ndipo nilipompata wangu. Madoa ya fisi hayafanani, kila mmoja ana ramani yake ubavuni, na vijana wa kamera wanawatambua kama mwalimu anavyotambua mwandiko. Alikuwa jike mkubwa, sikio la kulia limechanika hadi chini, tumbo limeshuka kwa kunyonyesha. Anatembea katikati ya njia, hana haraka. Vijana walikuwa wamempa jina la Mwenyekiti. Picha iliyofuata alikuwepo mtoto, mweusi bado kwa utoto, akitazama kamera kwa karibu mno hivi kwamba pua yake imejaza nusu ya picha. Njia hiyo naijua. Ni ile ya korongo, ilikokuwa inatoka sauti nyembamba ya kujibu. Mwenyekiti hawezi kuwa yule niliyekuwa namsikia, fisi wa porini haishi miaka mingi kiasi hicho, lakini vyeo vinarithiwa na majike hawahami. Inawezekana kabisa ni mjukuu wake, au kitukuu. Nimeiweka picha hiyo kwenye simu, na kila simu mpya ninayonunua huihamishia.

Nikaja kumwona fisi kwa macho yangu ndani ya hifadhi, ukubwani, kwenye gari la ziara ya wafanyakazi. Dereva alipunguza mwendo, akasema "fisi," akaongeza mwendo. Nilimwomba arudi nyuma. Wenzangu walinung'unika kidogo, kulikuwa na habari za simba mbele. Alikuwa amelala kwenye tope la dimbwi linalokauka, mwili wote ndani, kichwa tu nje, masikio yale ya mviringo yakigeuka geuka. Akanitazama, akaona hakuna la maana, akafumba macho. Huo ndio uhusiano wetu wote kwa upande wake. Sijawahi kutaka zaidi. Najua kule Harar, Ethiopia, wako watu wanaowalisha fisi nyama kwa mkono usiku, hata kwa mdomo, na watalii hulipa kuona. Ni desturi yao na inaonekana imewafaa. Mimi nisingetaka fisi wa kwetu aizoee mikono ya watu, kwa sababu si mikono yote ya kwetu inayobeba nyama safi.

Rafiki yangu mmoja mlokole amenishauri niombewe. Anasema mapenzi kwa mnyama wa usiku yana mlango wake. Nilimuuliza nani aliyemuumba fisi, akasema Mungu, nikamwambia basi mlango ni huo. Hatujalizungumza tena, ila siku ya kuzaliwa kwangu aliniletea kikombe chenye picha ya pundamilia, nadhani kama hatua ya kwanza ya uponyaji.

Mwaka jana, fedha niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya kochi jipya ilikwenda kwenye seng'enge na nguzo za boma la mjomba. Mume wangu alikubali, kwa sharti kwamba wageni wakiuliza kuhusu kochi nitajibu mimi. Tangu lilipojengwa fisi wamefika, nyayo zimeonekana zikilizunguka, na hawakuingia. Mbuzi wote wapo. Mwezi wa nane, baada ya mavuno, tunajenga la mama mkubwa, anayekaa karibu zaidi na korongo. Nilimpigia simu kumweleza. Kamwene, kamwene, habari za watoto, habari za mjini, na kisha akaniambia wazi kwamba seng'enge ataipokea kwa mikono miwili, lakini hayo mapenzi ya fisi nibaki nayo mwenyewe.